Troy ni miji tisa, siyo mmoja: jinsi ya kuyasoma magofu ya Hisarlik bila kuchanganyikiwa

Malalamiko ya watu waliofika Troy yanafanana sana. Wanasema wamesafiri mpaka kona ya kaskazini magharibi ya Uturuki, wamekata tiketi, wamezunguka kama saa moja hivi, na walichoona ni mawe tu, vijiukuta vifupi vimeingiliana, shimo kubwa katikati na mabango yenye namba za Kirumi ambazo hazieleweki. Halafu wanalinganisha na Ephesus iliyoko nchi hiyohiyo, ambako nguzo zimesimama na barabara ya marumaru bado ipo, wanaona kabisa Troy imewaangusha. Mi nawaelewa, lakini naamini shida haiko kwenye magofu. Shida ni kwamba watu wanaenda pale wakitafuta mji mmoja, ule wa hadithi ya kale ya vita vya Wagiriki na Troy, yenye Helen na Achilles na farasi wa mbao, na pale hakuna mji mmoja. Kuna miji tisa mmoja juu ya mwingine, na mtu akienda bila kulijua hilo lazima achanganyikiwe hata awe msomi kiasi gani.

Tuanze na kilima chenyewe. Kinaitwa Hisarlik, kiko kama kilomita 30 kusini magharibi mwa mji wa Çanakkale, jirani na mlango wa bahari wa Dardanelles unaotenganisha Ulaya na Asia. Kilima hicho sehemu yake kubwa siyo udongo wa asili, ni nyumba zilizoanguka. Watu wa pale enzi hizo walikuwa wanaweka msingi wa mawe halafu juu wanapandisha ukuta wa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, hayajachomwa, sasa nyumba ya hivyo ikiungua au ikidondoshwa na tetemeko matofali yake hayafai tena kwa kazi yoyote, kwa hiyo waliokuja baadaye walikuwa wanasawazisha kile kifusi na kujenga juu yake, na wao zikija kuanguka zao wengine wanasawazisha tena, hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 3,000. Mwisho wa siku kifusi kikapanda zaidi ya mita 15. Waakiolojia wakakigawa katika matabaka makubwa tisa wakayapa namba za Kirumi kuanzia chini, I mpaka IX, na ndani ya hayo tisa kuna vipindi vidogo vya ujenzi zaidi ya 40. Zile namba kwenye mabango ndo hizo. Ukiona VI ujue unasimama kwenye mji wa sita kutoka chini.

Miaka yenyewe ni muhimu kuwa nayo kichwani kabla hujafika, hata kwa kukadiria. Troy ya kwanza ilianza kama mwaka 3000 KK, ngome ndogo tu ya kuzungukwa na ukuta wa mawe. Ya pili, kuanzia kama 2550 mpaka 2300 KK, ilikuwa na utajiri, majumba marefu na dhahabu. Ya tatu, ya nne na ya tano zipo kwenye vitabu lakini kwa mgeni hazina kitu kikubwa cha kuonyesha, kwa hiyo tuzipite. Ya sita, 1750 hadi 1300 KK, hiyo ndo yenye kuta nzuri kuliko zote na nitairudia. Ya saba wameigawa, VIIa ambayo iliisha kwa moto karibu mwaka 1180 KK na VIIb iliyofuata ambayo ilikuwa ya watu maskini zaidi. Ya nane ni mji wa Wagiriki walioupa jina Ilion, na ya tisa ni mji huohuo chini ya Warumi, ambao ulififia karibu mwaka 500 BK. Kwa hiyo kati ya jiwe la kwanza la pale na jiwe la mwisho kuna umbali wa miaka kama 3,500, yaani yule mtu wa Troy ya kwanza kwa mwenyeji wa ile ya Kirumi alikuwa ni wa kale zaidi kuliko Julius Caesar alivyo kwetu sisi.

Sasa kama mambo yangekaa hivyo tu, ya zamani chini na ya karibuni juu, kusingekuwa na shida. Kilichovuruga ni mambo mawili. La kwanza walilifanya Wagiriki na Warumi wenyewe, walipotaka kujenga hekalu kubwa la mungu wao Athena juu ya kilima walihitaji uwanja bapa, wakakata kilele chote na kukisukuma pembeni, na pale kileleni ndo palikuwa na majumba ya wakubwa wa Troy ya sita na ya saba. La pili alilifanya Heinrich Schliemann, Mjerumani tajiri aliyekuja kuchimba kuanzia 1870, huyu aliamini kwamba Troy ya Homer, mshairi wa Kigiriki aliyeimba vita hivyo, lazima iwe chini kabisa, kwa hiyo akakata mtaro kupasua kilima katikati kutoka kaskazini kwenda kusini, upana kama mita 40 na kina kama mita 17, na chochote kilichokuwa njiani kikaondolewa. Matokeo yake ni kwamba katikati ya kilima leo unakanyaga vitu vya miaka ya 2500 KK, wakati kuta za 1400 KK ziko pembeni.

Lakini hapohapo ndo kuna ufunguo. Kila ngome mpya ilijengwa pana kuliko iliyotangulia, ile ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha mita 90 hivi na ya sita ilifika karibu mita 200, kwa hiyo kuta zake zilisimama huko kwenye mteremko, nje ya zile za zamani, zikafukiwa na hivyo zikapona yale makato ya kileleni. Ukikiangalia kilima kutoka juu ni kama shina la mti lililokatwa, pete ya ndani ndo ya zamani na ya nje ndo ya karibuni. Maana yake ukitembea kuelekea katikati unarudi nyuma kwenye muda, ukitoka nje kuelekea ukingoni unakuja mbele. Hekalu la Athena upande wa kaskazini linaivunja kanuni hiyo kwa sababu lilikaa juu ya kila kitu, ila kwingine kote inafanya kazi vizuri sana na kwa kweli mtu mwenye kanuni hii tu peke yake anaelewa zaidi kuliko aliyekariri mabango yote.

Njia ya wageni inaanzia upande wa mashariki, na kitu cha kwanza cha maana unachokutana nacho ni ukuta wa Troy ya sita. Tafadhali usiupite haraka. Ni wa mawe ya chokaa yaliyochongwa yakakaa vizuri bila chokaa ya kushikiza, unene wake unafika mita 4 hadi 5, na umelala kidogo kuelekea ndani, na kila baada ya mita kadhaa kuna mkato wa wima unaoshuka toka juu mpaka chini, umechongwa makusudi ili ukuta upinde kidogokidogo kuzunguka kilima bila kuwa na kona kali. Unachokiona ni ile sehemu ya chini tu, juu yake kulikuwa na ukuta mwingine wa matofali ya udongo, kwa hiyo adui aliyesimama pale chini alikuwa anaangalia kitu kirefu mno kuliko unachopiga picha wewe. Lango la mashariki lenyewe limetengenezwa kwa akili, kuta mbili zinapishana zinaacha kijia chembamba katikati, anayeingia lazima apite pale huku walinzi wako juu yake. Na pale pale langoni kuna ukuta mwingine wa mawe makubwa ya mraba, mazuri, yamekaa kwa mistari iliyonyooka, huo ni wa Warumi, ni msingi wa ua wa hekalu la Athena, na kati ya kuta hizo mbili zilizokaribiana kiasi cha kugusa zote kwa mikono kuna zaidi ya miaka 1,000. Mabishano mengi ya wageni mbele ya hilo lango yanaishia hapo, wanadhani ni jengo moja lililoanguka vibaya.

Ukipanda juu unafika palipokuwa hekalu. Limebaki vipande, marumaru zilizochongwa zimelala kwenye nyasi, na sanamu yake nzuri zaidi, ile ya Helios mungu wa jua akiwa na farasi wake, Schliemann aliipata 1872 na sasa iko Berlin. Lakini mahali hapa pana historia ambayo mi naona haielezwi vya kutosha. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaandika kwamba Xerxes mfalme wa Uajemi mwaka 480 KK, akiwa njiani na jeshi lake kwenda kuivamia Ugiriki, alipanda hapa akatoa sadaka ya ng'ombe 1,000 kwa Athena wa Ilion. Mwaka 334 KK Alexander Mkuu naye alipovuka kuja Asia alipita hapa kutoa sadaka kabla ya kuanza vita vyake. Warumi ndo kabisa, walijiona ni wazao wa Aeneas mkimbizi wa Troy, na ukoo wa Julius Caesar ulidai kutoka kwake moja kwa moja, kwa hiyo Ilion ulipewa heshima na majengo, ingawa huohuo ulikuwa umeporwa na jemadari Mrumi, Fimbria, mwaka 85 KK. Yaani watu wamekuwa wakija hapa kutafuta Troy ya hadithi kwa zaidi ya miaka 2,400. Wewe unayekuja leo na simu mkononi umejiunga kwenye foleni ndefu sana.

Hapo hekaluni ukigeukia kaskazini na magharibi unaona uwanda wa mashamba, na kwa mbali ndo maji. Watu wanashangaa, mbona hadithi inasema meli za Wagiriki zilikuwa karibu na mji? Jibu ni kwamba pwani imehama. Mito miwili, Karamenderes ambao zamani uliitwa Scamander na mwenzake mdogo Dümrek, imekuwa ikileta matope kwa maelfu ya miaka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanajiolojia wametoboa uwanda huu sehemu nyingi wakatoa sampuli za udongo wa chini, wakakuta masalia ya viumbe vya baharini, na kwa kupima umri wa matabaka hayo wakachora upya ramani ya ghuba. Wakati wa Troy ya kwanza na ya pili bahari ilikuja karibu kabisa na miguu ya kilima. Wakati wa Troy ya sita ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma lakini bado karibu mno kuliko sasa, leo ni kama kilomita 5 au 6. Na hili linaeleza pia kwa nini mtu ajenge ngome hapa na siyo kwingine, maana maji ya Dardanelles yanatoka kwa kasi kuja Aegean na upepo mara nyingi ni wa kaskazini, meli ya matanga ya zama hizo ikitaka kupanda kwenda Bahari Nyeusi ililazimika kusubiri huku chini mpaka upepo ubadilike, na aliyekaa juu ya kilima hiki alikuwa na mengi ya kupata kutoka kwa wanaosubiri.

Kutoka hekaluni unateremka kwenye sehemu iliyofunikwa na paa la turubai lililowekwa 2003. Chini yake kuna matofali ya udongo ya Troy ya pili, yale yaliyoungua kwa moto mpaka yakawa mekundu, na paa lenyewe lina maana yake, limeinuliwa kufuata kimo cha kilima kabla ya kuchimbwa. Simama chini yake uangalie juu, hiyo nafasi yote kati ya kichwa chako na turubai ilikuwa ni kifusi cha miji iliyofuata. Mi naona hiki ndo kifaa cha kufundishia bora kuliko vyote pale Hisarlik na watu wengi wanakitumia kukwepa jua tu.

Halafu unafika kwenye mtaro wa Schliemann, na hapa lazima tuongee kidogo juu ya watu. Kwenye vitabu vya shule Schliemann ndo aliyegundua Troy. Ukweli una watu wengine. Mwaka 1822 Charles Maclaren wa Scotland alishaandika kwamba Hisarlik ndo Troy, akiwa hajachimba kitu. Baadaye Frank Calvert, Mwingereza ambaye familia yake iliishi Dardanelles, alinunua sehemu ya kilima na kuchimba kidogo 1865, hela ikamwishia. Mwaka 1868 akakutana na Schliemann, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kuchimba mahali pengine pasipo na kitu, akamshawishi aje Hisarlik. Schliemann akaja na pesa zake na wafanyakazi zaidi ya mia, na baadaye alipokuwa maarufu mchango wa Calvert akaupunguza mpaka ukabaki kidogo sana. Hiyo ni dhuluma, na inastahili kutajwa kila mara mtaro huu unapotajwa.

Kazi kubwa ya mtaro ilifanyika 1871 hadi 1873. Ukiangalia chini utaona mistari ya mawe imekaa sambamba, hizo ni nyumba za Troy ya kwanza, na kwa jinsi hiyo mtaro una faida yake, hakuna sehemu nyingine pale unaweza kuona vitu vya miaka 5,000 vikiwa wazi hivyo. Ila gharama ilikuwa kubwa. Alipita kwenye majengo ya Troy ya sita na ya saba yaliyokuwa yamenusurika bila kuyatambua, na hayawezi kurudi. Uchimbaji siyo sawa na kusoma kitabu, ukishachimba tabaka umeliharibu, kinachobaki ni daftari zako na michoro yako, na kama hukuandika basi hakuna atakayejua tena kigae hiki kilikaa juu ya sakafu ipi.

Pembeni kidogo ya hapo kuna njia ya kupandia iliyosakafiwa kwa mawe, ya Troy ya pili, inapendeza sana na hupigwa picha kuliko kitu chochote pale baada ya yule farasi wa mbao wa mlangoni. Karibu na hapo, Mei 1873, Schliemann alipata mkusanyiko wa dhahabu, fedha na shaba, mataji, hereni, vikombe, akatangaza kuwa ni Hazina ya Priam, mfalme wa Troy kwenye hadithi. Akaitorosha nje ya milki ya Waosmani. Picha ya mkewe Sophia akiwa amevaa lile taji la dhahabu ikazunguka dunia nzima, na Schliemann akaandika kwamba Sophia alikuwepo siku ya kuipata akaisaidia kuificha kwenye shali yake, wakati Sophia siku hizo alikuwa Athens. Serikali ya Waosmani ilimshtaki, akalipa fidia, na 1881 akaikabidhi kwa Berlin. Mwaka 1945 jeshi la Kisovyeti likaichukua ikapelekwa Moscow, na kwa karibu miaka 50 ikawa haijulikani iko wapi mpaka Urusi ilipokiri, na mwaka 1996 ikaonyeshwa kwenye makumbusho ya Pushkin ambako iko mpaka leo. Na jambo kubwa kuliko yote kwa mada yetu, haina uhusiano na Priam wala na vita. Ni ya Troy ya pili, imetangulia wakati wa vita hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Aliyebainisha hilo ni msaidizi wake mwenyewe, Wilhelm Dörpfeld, baada ya uchimbaji wa 1890 ambapo vyungu vya Kigiriki vya kipindi cha Mycenae vilipatikana kwenye tabaka la sita. Kama vyungu vya wakati wa Wagiriki wa hadithi viko kwenye tabaka la sita basi tabaka la pili ni la kale mno. Desemba mwaka huohuo Schliemann akafariki Naples, na Dörpfeld akaja kuzifukua kuta za sita mwaka 1893 na 1894.

Kwa hiyo swali la watu wote, Troy ya Homer ni ipi? Dörpfeld alisema ya sita, maana ndo yenye kuta kubwa zinazofanana na sifa za kwenye mashairi. Miaka ya 1932 hadi 1938 akaja Carl Blegen wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, akaangalia zile nyufa na jinsi mawe yalivyosogea, akasema hapana, ya sita iliangushwa na tetemeko, iliyopigwa vita ni VIIa. Hoja zake zina nguvu. Katika VIIa nyumba ndogondogo zimebanana ndani ya ngome, zimeegemea ukuta, na sakafuni wamefukia mitungi mikubwa ya chakula mpaka shingoni, kama watu waliojaa ndani wakijiandaa kwa shida, halafu kuna moto, mifupa ya watu na vichwa vya mishale. Na ule mwaka wa 1180 KK hivi uko karibu sana na 1184 KK ambao msomi Eratosthenes wa Alexandria aliupigia hesabu kuwa ndo mwaka Troy ilipoanguka.

Ila hapa panahitaji tahadhari. Kichwa cha mshale hakisemi nani alikirusha. Na miaka hiyohiyo ya 1200 hadi 1180 KK kulikuwa na maporomoko ukanda mzima wa mashariki ya Mediterania, majumba ya Wagiriki wenyewe kule Mycenae na Pylos yaliungua, mji mkuu wa Wahiti (dola kubwa iliyokuwa Uturuki ya leo), Hattusa, ukaachwa. Kwa hiyo kusema tu VIIa iliungua haitoshi kumpeleka Agamemnon, yule mfalme aliyewaongoza Wagiriki kwenye hadithi, pale langoni.

Ushahidi ulioongeza uzito ulitoka nje ya Troy kabisa, kwenye vibao vya udongo vya Hattusa. Kuna mkataba wa karibu mwaka 1280 KK kati ya mfalme wa Wahiti Muwatalli II na mtawala wa nchi iitwayo Wilusa, jina lake Alaksandu. Wilusa wataalamu wengi leo wanakubali kuwa ndo Ilios, jina jingine la Troy kwenye mashairi ambalo zamani zaidi lilitamkwa na W mbele, na Alaksandu linafanana na Alexandros, jina la pili la Paris aliyemchukua Helen. Kuna barua nyingine ya karne hiyohiyo ambayo mfalme wa Wahiti anakumbusha ugomvi uliowahi kuwepo juu ya Wilusa kati yake na mfalme wa Ahhiyawa, na Ahhiyawa wengi wanaisoma kuwa ni Wagiriki, wale Waakea wa Homer. Haisemi Helen, haisemi miaka kumi, haisemi farasi. Inasema mahali hapa paligombewa na wakubwa wa pande mbili. Pale Troy kwenyewe maandishi ya zama hizo ni haba mno, kuna muhuri mmoja mdogo wa shaba uliopatikana 1995 wenye maandishi ya Kiluwi, lugha ya kale ya eneo hilo, jina la mwandishi upande mmoja na la mwanamke upande wa pili.

Mi msimamo wangu ni kwamba swali la "ni kweli au ni uongo" ni dogo kuliko mahali penyewe. Mashairi ya Homer yanakadiriwa kutungwa karne ya 8 KK, miaka 400 na ushee baada ya moto wa VIIa, wakati zile kuta za sita bado zilikuwa zinaonekana juu ya ardhi na Wagiriki walishaanza kuja kukaa pale. Inawezekana vita vidogo vingi vya kugombea mlango wa bahari vilikusanywa vikawa kimoja midomoni mwa waimbaji, na magofu yenyewe yakawa ndo kichocheo cha wimbo.

Kuna bishano jingine ambalo mgeni hulikanyaga bila kujua, kwa sababu liko nje ya uzio wa kuta, kwenye mashamba ya kusini. Kilima ni ngome tu, mita 200, na watu wengi hukiona wakasema vita gani ya miaka kumi kwa kijisehemu hiki. Manfred Korfmann wa Chuo Kikuu cha Tübingen alipoanza kuchimba 1988 alitumia vifaa vya kupima usumaku wa ardhi bila kuchimba, akakuta handaki limekatwa kwenye mwamba kama mita 400 kusini mwa ngome. Akasema huo ndo mpaka wa mji wa chini wa Troy ya sita, mji mzima ulifika hekta karibu 30 na wakazi labda 5,000 hadi 10,000. Mwaka 2001 mwenzake wa chuo hichohicho, mwanahistoria Frank Kolb, akamshambulia hadharani kwamba anakuza mambo, kwamba nyumba zilizopatikana huko ni chache kuita mji wa biashara, na ugomvi ukaingia magazetini mpaka likafanyika kongamano Tübingen 2002. Korfmann alifariki 2005. Handaki lipo, hilo halina ubishi, ubishi ni ndani yake kulijaa watu kiasi gani, na kwa kuwa mji wa Kirumi ulijengwa juu ya eneo hilohilo ukavuruga mengi, jibu linatoka taratibu, shimo moja moja.

Upande huo wa kusini ndo utakapomalizia mzunguko. Kuna ukumbi mdogo wa Kirumi wa muziki na ukumbi wa baraza, na lango la kusini la Troy ya sita ambalo pengine lilikuwa lango kuu, barabara yake ya mawe ina mfereji wa maji katikati. Umeanza na 1400 KK mashariki, umeingia mpaka 3000 KK kwenye mtaro, umetoka na Warumi.

Farasi mkubwa wa mbao pale mlangoni alijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wageni, na yule mwingine mweusi aliyetumika kwenye filamu ya 2004 yuko ufukweni Çanakkale mjini. Watoto wanawapenda na hamna ubaya. Lakini wengi hawajui kwamba kwenye Iliad, shairi la Homer la vita hivyo, farasi hayumo, lile linaishia kwenye mazishi ya Hector shujaa wa Troy, farasi anatajwa kwenye Odyssey, shairi lake jingine, na baadaye ndo mshairi Mrumi Virgil anasimulia kwa kirefu.

Kitu ambacho kwa kweli kimebadilisha ziara ya Troy ni makumbusho yaliyofunguliwa 2018 kijijini Tevfikiye, jengo la mraba la rangi ya kutu, siyo mbali na magofu. Nashauri uanze huko, siyo umalizie huko kama wengi wanavyofanya wakiwa wamechoka. Humo kuna vipande 24 vya dhahabu ya eneo hili la Troy vilivyorudi Uturuki mwaka 2012 kutoka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kuna jeneza la marumaru liitwalo la Polyxena la karibu mwaka 500 KK lililopatikana 1994 kwenye kaburi la kilima huko huko wilaya za jirani, limechongwa mauaji ya Polyxena, binti wa Priam, mbele ya kaburi la Achilles. Vigae vya kila tabaka vimepangwa humo kwa zamu yake, vya Troy ya kwanza vyeusi vilivyong'arishwa kwa mkono, vya ya pili vilivyoanza kufinyangwa kwenye gurudumu, vya ya sita vya kijivu, na macho yako yakishazoea hizo tofauti ndo upande kilimani, anzia ukuta wa mashariki, na kwenye kila bango soma namba ya Kirumi kwanza kabla hujasoma maelezo.